Kochi la Fremu ya Chuma: Lipia Chuma Kabla ya Kitambaa

Mnunuzi wa sofa, awe kwa mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam au kwenye duka la kioo lenye kiyoyozi, hufanya mambo yaleyale. Hubonyeza mto kwa kiganja, hupapasa kitambaa, hukaa, husogea nyuma kidogo kuitazama rangi, kisha huuliza bei. Si kosa lake. Sofa la kawaida limemnyima nafasi ya kufanya zaidi, kwa kuwa kila kinachobeba uzito kimefunikwa. Hawezi kujua kama ndani kuna mbao ngumu iliyokaushwa au vipande vya kreti vilivyogongwa misumari, wala kama sponji ni kipande kimoja au mabaki yaliyobandikwa kwa gundi. Atayajua hayo baadaye, sofa likishaanza kulia na kuzama upande mmoja. Kochi la mtu mmoja lenye fremu ya chuma iliyo wazi, lile linaloonekana siku hizi katika sebule nyingi mpya, linampa mnunuzi nafasi ambayo sofa humnyima: mifupa yake iko nje. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba sababu nzuri ya kulichagua kochi la aina hii ni kuwa linakagulika, na wala si kwa kuwa ni la kisasa. Anayelinunua kwa kuangalia mto na kitambaa tu amelipia faida hiyo kisha akaiacha dukani.

Historia ya makochi haya inaunga mkono hoja hiyo. Mwaka 1925, katika shule ya usanifu ya Bauhaus iliyokuwa imehamia mji wa Dessau, Ujerumani, Marcel Breuer, kijana wa Kihungari, alianza kukunja paipu za chuma ili atengeneze kiti. Wazo lilimjia kwenye usukani wa baiskeli: ikiwa paipu nyembamba iliyopindwa inaweza kumbeba mtu njiani, kwa nini isimbebe sebuleni? Kiti alichopata, kilichokuja kuitwa Wassily miaka mingi baadaye, hakina sponji hata kidogo. Paipu inazunguka, na katikati yake imetandazwa mikanda ya kitambaa kigumu. Miaka mitatu baadaye, jijini Paris, Charlotte Perriand, Le Corbusier na Pierre Jeanneret walichukua njia nyingine: walijenga kizimba cha paipu, kisha wakadumbukiza mito minene ndani yake bila kuishona popote. Mwaka 1929 Ludwig Mies van der Rohe na Lilly Reich walipeleka kwenye maonyesho ya kimataifa ya Barcelona kiti cha vyuma bapa vilivyopishana kama herufi X. Viti hivi havifanani kwa sura, lakini vyote vimetenganisha kinachobeba uzito na kinachokaliwa, kisha vikaacha kinachobeba kionekane. Kazi ya mbunifu imo kwenye chuma. Hata leo kampuni zenye haki ya kuvitengeneza, Knoll na Cassina, huweka alama zao na saini ya mbunifu kwenye fremu yenyewe.

Wazo hilo si geni kwa watu wa pwani. Kiti cha enzi cha Lamu, Pate, Mombasa na Unguja kilikuwa fremu ya mbao nyeusi iliyonyooka, nayo sehemu ya kukalia na ya mgongo ikasukwa kwa uzi au kamba nyembamba. Kamba ikichoka ilisukwa nyingine, na kiti kikaendelea kurithiwa. Ndivyo ninavyomshauri msomaji alitazame kochi la chuma: fremu ni mali ya miaka mingi, na kinachowekwa juu yake ni cha kubadilishwa. Mto utachafuka, sponji itachoka, rangi ya kitambaa itapitwa na wakati au itakuchosha. Hayo yote fundi makochi anayarekebisha kwa siku moja au mbili. Fremu iliyopinda au kuoza kwa ndani haina fundi wa kuirudisha kwa bei ya maana.

Basi tuanze na paipu yenyewe. Fremu nyingi za bei ya kati hutengenezwa kwa paipu ya duara au ya mraba yenye upana wa milimita 25. Tofauti iko kwenye unene wa ukuta wake, ambao hauonekani ncha zikishazibwa. Mita moja ya paipu ya duara ya milimita 25 yenye ukuta wa milimita 1.5 ina uzito wa gramu 870 hivi. Yenye ukuta wa milimita 1 ina gramu 590. Kochi linalotumia mita 6 za paipu litakuwa na fremu ya kilo 5.2 katika hali ya kwanza na kilo 3.5 katika ya pili, na tofauti hiyo mkono wa kawaida unaihisi. Kwa hiyo toa mito, liinue kochi, kisha liinue na la jirani yake lenye umbo kama hilo. Muuzaji akikusifia kwamba fremu ni nyepesi kama unyoya, mwulize chuma kimekwenda wapi. Kuna jambo la pili ambalo wanunuzi wachache hulijua: upana wa paipu una nguvu kuliko unene wa ukuta. Ukitoka kwenye paipu ya milimita 25 kwenda ya milimita 32 kwa ukuta uleule wa milimita 1.5, chuma kinaongezeka kwa asilimia 30 hivi, lakini ugumu wa paipu dhidi ya kupinda unazidi mara mbili. Unapoagiza kochi kwa fundi na ukawa na fedha kidogo za kuongeza, usiongeze nakshi. Ongeza upana wa paipu mbili zinazopita chini ya kiti, maana hizo ndizo zinazobeba kila anayekaa.

Hata hivyo, makochi mengi hayavunjiki katikati ya paipu. Yanavunjika kwenye kiungo, na hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mshono mzuri wa kuchomelea unazunguka kiungo chote bila kukatika. Mshono wa haraka ni madoa matatu au manne yaliyoachiana nafasi, yakafunikwa kwa puti na kupakwa rangi. Kosa lingine ni la fundi anayependa usafi kupita kiasi: anachomelea vizuri, kisha anasaga mshono kwa grenda hadi unakuwa sawa na paipu, na kumbe ameuondoa karibu wote. Kwa jicho, makosa hayo mawili yana sura nzuri kuliko kazi sahihi, kwa sababu kiungo kinaonekana laini kama kilichomiminwa. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya kubandika karatasi kwenye friji, uipitishe kwenye paipu na kisha kwenye kiungo. Kwenye chuma kitupu chenye rangi itashika kwa nguvu. Penye puti nene italegea au itaanguka. Wauzaji hawapendi kipimo hiki, ila hakiharibu rangi wala hakigharimu kitu. Chunguza pia mikunjo. Paipu iliyokunjwa kwa mashine yenye kalibu inabaki na duara lake hadi ndani ya kona. Iliyokunjwa ovyo inabonyea upande wa ndani na kupata makunyanzi, na palipobonyea ndipo itakapoendelea kupinda. Fundi asiye na mashine anaweza kupata mkunjo safi kwa kujaza mchanga mkavu ndani ya paipu na kuziba ncha kabla ya kukunja. Akikwambia kwamba kona itakatwa na kuchomelewa, si vibaya, mradi ujue kwamba kila kona ya namna hiyo ni kiungo kingine cha kukagua. Kiti cha Barcelona chenyewe kilianza kama vipande vilivyofungwa kwa boliti, na mwaka 1950 kikasanifiwa upya kwa stenlesi ili fremu iwe kitu kimoja. Aliyekibuni aliona faida ya kupunguza viungo, nasi tunaweza kumwiga katika hilo bila kumwigia umbo.

Boliti zinahitaji neno lake, kwa kuwa makochi yanayokuja ndani ya boksi kutoka ng'ambo hufungwa kwa boliti karibu yote. Boliti ya milimita 6 ina umbali wa milimita 1 kati ya thredi moja na nyingine. Ukitoboa paipu yenye ukuta wa milimita 1.2 na kuikata thredi moja kwa moja, boliti yako inashikwa na thredi moja tu. Itakaza vizuri siku ya kwanza, itakaza vizuri siku ya pili, kisha mtoto atarukia mkono wa kochi na shimo litakuwa limekwisha. Fremu ya kuaminika ina nati iliyochomelewa ndani ya paipu au kipande kinene cha chuma mahali pa boliti. Kwenye kochi ambalo halijafungwa, chungulia shimoni. Ukiona ukuta mwembamba peke yake, liache. Na hata fremu nzuri ikazwe tena baada ya wiki chache za matumizi, kwa sababu rangi iliyobanwa chini ya boliti hutulia na kuacha nafasi.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia, hasa kutoka kwa wasomaji wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ni kutu. Ni pingamizi la haki. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi huvuta unyevu, na chuma cha kawaida kilichokwaruzwa kinaanza kubadilika rangi mapema mno. Lakini kutu inategemea zaidi namna chuma kilivyovalishwa, na hapa ushauri wangu utawaudhi wapenda mng'aro: ukikaa karibu na bahari, kromu iache. Tabaka la kromu unaloliona kwenye samani ni jembamba sana, halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinachokinga chuma hasa ni nikeli iliyo chini yake. Pakipatikana tundu dogo, maji ya chumvi yanapita na kutu inatambaa chini ya mng'aro hadi unaanza kubanduka kwa maganda. Ubaya wake ni kwamba nyumbani huwezi kuuziba. Rangi ya unga iliyookwa, ile inayopulizwa ikiwa kavu na kuyeyushwa kwenye tanuri la nyuzijoto 180 hadi 200 za Selsiasi, ni nene mara nyingi zaidi, nayo ikikwaruzika unaweza kusugua kwa msasa mwembamba, kupaka prima na kugusia rangi kwa brashi. Pasipo tanuri, rangi ya magari iliyopulizwa juu ya prima ya kuzuia kutu inafanya kazi nzuri, ilimradi chuma kilisafishwa mafuta na masizi ya kuchomelea kwanza. Prima iliyopakwa juu ya masizi haikai.

Stenlesi ndiyo jibu ambalo wengi hulikimbilia, na hapo kuna mtego. Stenlesi ziko za aina nyingi. Ile inayoitwa 304 ina kromiamu ya asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8 hivi, na ndani ya nyumba inatosha. 316 imeongezwa molibdeni, ndiyo inayostahimili chumvi zaidi. Aina ya 201 imepunguzwa nikeli na kuongezewa manganizi ili iwe rahisi, na kwenye hewa ya bahari inatoa madoa ya kahawia upesi. Watu hupima stenlesi kwa sumaku, na sumaku husaidia kutambua chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, kwa maana hicho kitanasa kabisa. Haiwezi kukutenganishia 201 na 304, kwa kuwa zote mbili hazinasi au hunasa kidogo sana. Kwa hiyo usikubali neno stenlesi peke yake. Taka namba ya aina iandikwe kwenye risiti. Kuhusu paipu za mabati, fahamu kwamba moto wa kuchomelea huunguza zinki mahali pa kiungo, kwa hiyo kinga inaondoka palepale inapohitajika zaidi, na moshi wake unamdhuru fundi.

Pingamizi la pili ni kwamba chuma ni kibaridi, kina sura ya hospitali au ya ofisi ya serikali. Ubaridi ni kweli. Chuma hupitisha joto mara mamia zaidi ya mbao, ndiyo maana mkono unashtuka ukikigusa asubuhi huko Iringa, Arusha au Limuru. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba ngozi haigusi chuma pale inapotulia: mikono ya kochi iwekewe kipande cha mti, ngozi iliyoshonwa au kamba iliyozungushwa. Paipu za chini na za nyuma ziachwe wazi, hakuna anayezigusa. Kuhusu sura ya hospitali, nadhani lawama inaangukia rangi nyeupe na viti vya plastiki vilivyopangwa kwenye korido kuliko chuma. Fremu nyeusi isiyong'aa yenye mto wa kitambaa kizito, kando ya mkeka au zulia, haimkumbushi mtu wodi.

Linalostahili kujadiliwa kwa makini zaidi ni starehe, kwa kuwa wabunifu wenyewe wamekosea hapo mara nyingi. Viti vingi maarufu vya chuma vilibuniwa vipigwe picha. Usiruhusu jina likuzuie kupima kwa utepe. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, sehemu ya kukalia, akiwa amekaa na mto umebonyea, iwe sentimita 40 hadi 43 kutoka sakafuni; kwa mzee mwenye magoti mabovu, 45 au zaidi kidogo. Kina kutoka ukingo wa mbele hadi mgongoni kiwe sentimita 50 hadi 55. Kikizidi 60, mtu mfupi ataning'iniza miguu au atakaa bila mgongo wake kuegemea popote, na mgeni huyo hatasema, ataaga mapema tu. Mikono ya kochi iwe sentimita 20 hadi 25 juu ya kiti, na isogee mbele ya kutosha ili mama au babu aishike na kujisukuma anapoinuka. Makochi mengi ya mtindo yana mikono inayoishia katikati ya paja. Yanapendeza, lakini kuinuka kwake ni mazoezi. Halafu kaa kwenye mkono wa kochi, kwa sababu mgeni atakaa, watoto watakaa. Mguu wa upande wa pili ukinyanyuka, kochi limesimama kwenye miguu iliyokaribiana mno.

Mto nao una kipimo chake. Sponji huhesabiwa kwa kilo ngapi katika mita moja ya ujazo, na ya kukalia isipungue 30. Namba hiyo muuzaji anaweza kuitaja tu bila ushahidi, lakini mizani haidanganyi. Mto wa sentimita 55 kwa 55 wenye unene wa 12, ukivuliwa foronya, uwe na kilo 1 na gramu 90 hivi kwa sponji ya 30. Ukipata gramu 650, hiyo ni sponji ya 18, itakuwa imelala kabla mwaka haujaisha. Chini ya mto tazama kinachoushikilia. Mikanda ya mpira iliyosukwa kwa kupishana ni bora kuliko ubao wa plaiwudi, kwa sababu ubao hauachii, na mto mzuri juu yake unageuka mgumu. Kwa sehemu zenye joto na unyevu ninapendelea zaidi kamba za nailoni au ngozi iliyotandazwa kwenye fremu, na mto mwembamba juu yake, kwa vile hewa inapita na mgongo haulowi jasho. Breuer alitumia mikanda kwa sababu nyingine, lakini ilimfaa zaidi mtu wa Tanga kuliko wa Dessau.

Anayetetea mbao atasema kwamba mninga na mvule vimetutosha miaka yote, na kwamba kochi la mninga unaweza kumwachia mjukuu. Sina ugomvi na mninga. Ugomvi wangu ni na bei yake leo, na mbao changa zinazouzwa kwa jina lake, na mbao mbichi ambayo hupasuka ikishafika kwenye sebule yenye kiyoyozi. Mchwa na bungua hawali chuma. Kochi la paipu lililo wazi chini linapitisha ufagio na mwanga, wakati uvungu wa sofa lililofunikwa hadi sakafuni ni giza na unyevu, mahali pa mbu kupumzika mchana. Aliye na mti mzuri uliokauka na fundi anayemwamini, na atengeneze kwa mti. Anayepewa mti asiojua asili yake kwa bei ya mninga atakuwa salama zaidi kwenye chuma, kwa sababu ile ile niliyoanza nayo: anaweza kuona anachonunua.

Halafu kuna suala la jina na bei. Kochi halisi lenye jina la Mies au Le Corbusier linauzwa kwa fedha ambazo familia nyingi zinanunulia kiwanja, na nakala zake zimejaa kila soko. Atakayekwambia kwamba lake ni halisi kwa bei ya redio hakuambii kweli. Mwombe akuonyeshe alama kwenye chuma. Haki ya umbo la kiti ni jambo ambalo mahakama zimekuwa zikilishughulikia tangu zamani: Mart Stam, Mholanzi aliyetengeneza kiti kisicho na miguu ya nyuma kwa paipu za gesi mwaka 1926, aliingia katika mabishano na Breuer kuhusu nani alitangulia, na Uingereza ilibadili sheria mwaka 2016 na kufunga mlango uliokuwa ukiruhusu nakala za samani za zamani. Maoni yangu ni kwamba nakala si ununuzi mzuri hata ukiweka haki kando. Anayenakili ananakili picha. Hana vipimo vya paipu wala pembe ya mgongo, na akiba yake inatoka palepale pasipoonekana kwenye picha: ukuta wa paipu, mshono, sponji. Fedha hiyohiyo ukimpa fundi wa kuchomelea wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, mwenye mkono mzuri, akakutengenezea umbo lako mwenyewe, utapata chuma kingi zaidi.

Ila kwa fundi kuna utaratibu. Peleka mchoro wenye vipimo vyote, hata kama umechorwa kwa rula kwenye karatasi ya daftari, na uandike upana na unene wa paipu, aina ya rangi na uzito wa sponji. Lipa malipo ya awali ya kununulia chuma, na kubalianeni jambo moja ambalo ni muhimu kuliko yote: utakuja kuikagua fremu ikiwa tupu, kabla ya puti na kabla ya prima. Hapo mshono unaonekana wote, na kuongeza mahali palipokatika ni kazi ya dakika chache. Iweke fremu kwenye sakafu iliyonyooka, bonyeza kona mbili zinazotazamana, kisha nyingine mbili. Ikicheza, imepinda wakati wa kuchomelewa, na rangi haitainyoosha. Pima kwa utepe kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Vipimo viwili visipishane zaidi ya milimita chache. Hakikisha kila ncha ya paipu imezibwa kwa kuchomelewa, kwa maana paipu iliyofungwa kabisa haipati hewa mpya ndani na kutu yake husimama. Fundi mzuri hatachukia ukaguzi huu. Atakayechukia amekwambia alichokusudia kufanya.

Likishaingia ndani, kochi la chuma halidai matunzo mengi, isipokuwa miguuni. Nyumba zetu hupigwa deki, nyingine kila asubuhi, na maji yenye sabuni au chumvi ya bahari iliyoletwa na viatu husimama kuzunguka kila mguu. Soli ya plastiki iliyochomekwa kwenye ncha ya paipu ambayo haikuzibwa kwa kuchomelewa inapasuka taratibu kwa uzito. Kingo za chuma zinaanza kugusa marumaru, rangi inatoka, maji yanapanda ndani. Ndiyo sababu kochi lenye mikono na mgongo kama mpya hukutwa na miguu iliyooza sentimita 2 za mwisho. Deki ikipigwa, kausha miguu kwa kitambaa au lisogeze kochi hadi sakafu ikauke. Nunua soli za akiba siku hiyohiyo unaponunua kochi, nne au nane, za kipenyo kilekile cha paipu yako, maana bei yake ni ndogo na baada ya miaka miwili utakuta duka limeshabadilisha saizi.